Moto mdogo hauwashwi kwa kuni mbichi: mwongozo wa kutumia mazoezi ya dini za Mashariki ukiwa na sonona

Mtu akisikia kwamba Wabudha wana namna yao ya kukabili huzuni, picha inayomjia ni moja: mtu kakaa chini, miguu kaikunja, macho kayafumba, katulia kama jiwe. Basi naye anafunga mlango, anakaa, anafumba macho. Baada ya nusu saa anainuka akiwa hoi kuliko alivyokaa.

Nilifanya hivyo wiki tatu mfululizo kipindi sonona iliponishika, na kila siku nilijilaumu kwamba hata kutafakari kumenishinda. Kumbe nilikuwa nacheua tu. Ng'ombe akishajilaza kivulini hurudisha mdomoni alichokwisha kumeza akakitafuna upya. Nami nilijitengenezea kivuli kizuri na nusu saa ya kutafuna upya makosa yangu ya miaka kumi.

Wabudha wenyewe walilijua tatizo hili zamani. Katika maandiko yao ya Kipali, lugha ya kale ya India, kuna hotuba inayoitwa Aggi Sutta, yaani hotuba ya moto. Budha anawauliza watawa: mtu akitaka moto mdogo uwake, je, atautupia majani mabichi, mavi ya ng'ombe yaliyolowa na kuni mbichi, kisha aupepee kwa upepo wa unyevu na kuumwagia vumbi? Hautawaka. Vivyo hivyo, anasema, akili ikiwa imezama, huo si wakati wa kukuza utulivu. Wakati huo chunguza, tia bidii, amsha furaha. Utulivu unamfaa mtu ambaye akili yake inarukaruka.

Ndiyo maana mpangilio wa hatua zifuatazo unaanza na mwili, unapitia kwenye kazi za mikono, na kukaa kimya kunakuja baadaye sana.

Hatua ya 1: Jua uko wapi kabla ya kuanza

Sonona na msongo wa mawazo huchanganywa kila siku katika mazungumzo. Msongo mara nyingi una chanzo unachoweza kukinyooshea kidole, na chanzo kikiondoka nao hupungua. Sonona hukaa hata mambo yakiwa shwari. Madaktari huanza kuitaja pale mtu anapokuwa na huzuni au kukosa hamu ya mambo aliyoyapenda, sehemu kubwa ya siku, karibu kila siku, kwa wiki mbili au zaidi, huku usingizi na ulaji vikivurugika, mwili ukiwa mzito na mtu akijiona hafai.

Ukiwa huwezi kutoka kitandani siku nyingi, ukisikia sauti wasizozisikia wengine, au ukiwa na mawazo ya kujiua, weka mwongozo huu kando. Mwambie mtu mmoja unayemwamini leo hii, asikuache peke yako, na muende hospitali pamoja. Kama unatumia dawa za sonona, endelea nazo. Hakuna zoezi hapa lililotungwa kuchukua nafasi ya dawa, na kuziacha ghafla kunaweza kukurudisha nyuma vibaya. Na kama umewahi kupatwa na wazimu wa muda, au una kumbukumbu za ukatili zinazokurudia kama zinatokea sasa, hatua za mwili na za kazi zinakufaa. Hatua ya kukaa ifanye ukiwa na mtaalamu anayekujua.

Ukiwa na dini yako pia utajiuliza kama unaruhusiwa. Jibu la imani yako utalipata kwa viongozi wako, siwezi kulitoa mimi. Ninachoweza kusema ni kwamba kutembea kwa uangalifu, kunyoosha mikono na kufuata pumzi hakumtaki mtu kusujudia kitu wala kutamka kiapo. Pale penye maneno ya kurudia, watu wengi huweka sala fupi ya kwao.

Hatua ya 2: Amsha mwili kabla ya akili

Kuna kisa ninachokipenda cha mtawa Moggallana, mmoja wa wanafunzi wakuu wa Budha, aliyekuwa akisinzia katika kutafakari. Mwalimu wake hakumwambia ajikaze. Alimpa orodha ya vitu vya kufanya, kimoja kikishindikana aende kingine: aache wazo lililomletea usingizi, ayakumbuke mafundisho, ayasome kwa sauti, avute ndewe za masikio yake na kusugua viungo, asimame, anawe macho kwa maji, atazame pande zote na kuinua uso kuangalia nyota, ajaze akili yake mwanga kana kwamba ni mchana, atembee huku na huku. Vyote vikishindikana, alale kwa ubavu wa kulia, akiwa amekusudia kuamka.

Orodha hiyo ilitungwa kwa ajili ya usingizi, lakini asubuhi ya mtu mwenye sonona inafanana sana na usingizi usioisha. Itumie ilivyo. Ukiamka, kabla hujagusa simu, kaa ukingoni mwa kitanda na usugue mikono kutoka mabegani hadi vidoleni, kisha mapaja hadi nyayo. Vuta masikio. Simama, nawa uso kwa maji ya baridi. Nenda mlangoni au dirishani uangalie mbali kadiri macho yanavyofika. Hiyo haimalizi dakika tano. Siku mbaya, hesabu kwamba umekwisha fanya zoezi la siku.

Siku yenye nguvu kidogo, ongeza mwendo. Wachina wana mfululizo wa miondoko minane uitwao Baduanjin, wa jamii ya qigong, yaani mazoezi ya Kichina ya mwili na pumzi, ambao hauhitaji mkeka wala nguo maalumu. Mwondoko wa kwanza peke yake unatosha kuanzia: simama miguu ikiwa imeachana kwa upana wa mabega, pachanisha vidole vya mikono mbele ya tumbo, pandisha mikono taratibu huku ukivuta pumzi, ikifika usoni geuza viganja vitazame juu, sukuma kana kwamba unaisukuma dari. Kaa hapo kidogo. Kisha achia mikono ishuke pembeni huku ukitoa pumzi. Mara nane.

Anayependa yoga atumie yoga. Sharti langu ni moja: chagua miondoko ya kufungua kifua na kusimama, uyaache mazoezi marefu ya kulala chali gizani. Yale ya kulala yamewekwa mwishoni mwa kipindi kwa ajili ya mtu aliyechoka kwa kazi. Wewe umechoka kwa kutofanya lolote, na uchovu huo kitanda hakiutibu.

Hatua ya 3: Tembea njia moja, huku na huku

Watawa wa misituni Thailand huwa na njia iliyofagiwa kando ya kibanda, yenye urefu wa hatua ishirini au thelathini hivi, na huitembea kwa saa nyingi. Inafika mwisho, wanageuka, wanarudi. Haiendi popote.

Tafuta njia ya namna hiyo. Ukumbi wa nyumba, kipande cha ua, hata hatua kumi zinatosha. Simama mwanzoni, mikono ishike mbele au nyuma. Macho yatazame chini mbele yako, mita mbili hivi, yasizurure. Anza kutembea kwa mwendo wa kawaida au wa polepole kidogo. Kazi yako ni kuhisi nyayo: kisigino kinavyogusa, uzito unavyohamia mbele, kidole gumba kinavyosukuma na kuachana na ardhi. Ukifika mwisho, simama kabisa. Geuka. Simama tena. Ndipo uanze.

Kule kusimama mwishoni usikuruke. Ni pale ndipo unapogundua kwamba hatua kumi na tano zilizopita ulikuwa hukuwepo, ulikuwa unajibizana na mtu aliyekukosea mwaka juzi. Huna haja ya kujikaripia. Umegundua, basi, rudi kwenye kisigino.

Dakika kumi zinatosha kwa wiki ya kwanza. Uzuri wa kutembea ni kwamba mawazo hayapati kivuli cha kucheulia: mwili unadai usawa wake, macho yako wazi, na hewa inaingia. Fanya mchana penye mwanga ukiweza.

Hatua ya 4: Shika kazi moja, uimalize, huzuni ikiwepo

Kama ningeambiwa nibakize hatua moja tu, ningebakiza hii.

Katika monasteri za Zen, tawi la Ubudha la China na Japani, kazi za mikono huitwa samu, na huhesabiwa kuwa sehemu ya ibada sawa na kukaa. Inasimuliwa kwamba mwalimu Baizhang wa China alipozeeka, wanafunzi walimwonea huruma wakamficha zana zake za shamba. Akakataa kula. Siku bila kazi, alisema, ni siku bila chakula. Wakamrudishia. Huko Japani, mwalimu wa Zen aitwaye Dogen aliandika mwaka 1237 maelekezo marefu kwa mpishi wa monasteri, hadi namna ya kuosha mchele na kutoa mchanga kwa macho yake mwenyewe, asimwachie mtu mwingine kazi hiyo.

Aliyeyaleta mambo ya namna hii karibu na hospitali ni Morita Shoma, daktari wa akili wa Tokyo aliyeishi kati ya 1874 na 1938. Wagonjwa wake wengi walikuwa watu wa wasiwasi na hofu, na yeye mwenyewe aliijua hofu hiyo tangu ujana. Alianza kwa kuwalaza peke yao kwa muda wa wiki hivi bila kitabu wala mazungumzo, mpaka wenyewe watamani kufanya kitu. Kisha kazi nyepesi, kama kufagia majani. Kisha kazi nzito. Kisha kurudi kwenye maisha. Neno lake kuu lilikuwa arugamama: yaache yawe kama yalivyo. Hisia ni kama hali ya hewa, huwezi kuiamuru. Mikono unaweza kuiamuru. Kwa hiyo usingoje ujisikie vizuri ndipo ufanye; fanya ukiwa hujisikii vizuri, na uache kujikagua kila dakika kama huzuni imepungua.

Namna ya kufanya ni hii. Chagua kazi yenye mwanzo na mwisho unaoonekana, isiyozidi robo saa. Kuosha sufuria moja. Kukunja nguo zilizolundikana kwenye kiti. Kufagia chumba kimoja, na kile cha jirani ukiache. Kabla hujaanza, sema kimoyomoyo hali ilivyo bila kuipamba: "Nimejaa huzuni, na ninaosha sufuria." Neno ni "na", "lakini" linazua ugomvi.

Kisha osha sufuria kama mpishi wa Dogen. Maji yalivyo kwenye kifundo cha mkono. Sauti ya waya wa kusugulia inavyobadilika kutoka kukwaruza hadi kuteleza pale masizi yanapoisha. Kidole kikipita pembezoni kinakuambia palipobaki mafuta kabla ya jicho. Suuza, funika, weka mahali pake. Simama sekunde chache uitazame. Halafu ondoka.

Usijipongeze kupita kiasi wala usiseme "sufuria tu hii". Siku nilipokuwa chini kabisa, niliosha kikombe kimoja saa nne asubuhi na kingine saa kumi jioni. Huzuni haikwenda popote. Ila kati ya saa nne na saa nne na dakika tano palikuwa na kikombe, na kwa muda huo sikuwa nacheua.

Hatua ya 5: Sasa kaa, lakini kwa kifupi

Ukishazoea hatua zilizotangulia kwa wiki mbili tatu na unaona una angalau saa chache za wepesi kwa siku, unaweza kuanza kukaa.

Utafiti mashuhuri zaidi katika eneo hili unaunga mkono subira hiyo. Mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn alianzisha mafunzo katika chuo kikuu cha udaktari cha Massachusetts, Marekani, akichukua mazoezi ya Kibudha ya kuzingatia na kuyavua lugha ya dini. Zindel Segal, Mark Williams na John Teasdale wakayachukua hayo, wakayachanganya na tiba ya mawazo, wakapata programu ya wiki nane inayojulikana kwa kifupi kama MBCT. Waliitunga kwa ajili ya watu waliokwisha kupata nafuu, ili sonona isiwarudie. Jaribio moja kubwa lililochapishwa mwaka 2015 Uingereza liliwafuatilia watu 424 waliokuwa wameshaugua mara tatu au zaidi: nusu waliendelea na dawa, nusu walipewa mafunzo haya huku wakisaidiwa kupunguza au kuacha dawa. Katika miaka 2, sonona iliwarudia asilimia 47 ya waliobaki na dawa na asilimia 44 ya wale wengine. Kwa maneno mengine, hakuna kundi lililolishinda jingine kwa dhahiri. Hayo ni matokeo ya heshima kwa zoezi la kupumua, na si muujiza.

Kaa kwenye kiti, mgongo wima bila kuegemea, nyayo sakafuni. Macho yaache wazi nusu, yatazame chini, kama wafanyavyo watu wa Zen. Kwa mwenye sonona kufumba macho ni kufungua mlango wa kivuli. Tumia dakika tatu tu. Ya kwanza, jiulize: kuna nini hapa sasa? Taja unachokikuta, kifua kizito, wazo fulani, kelele za nje. Ya pili, kusanya akili yote kwenye pumzi mahali unapoihisi vizuri, puani au tumboni. Ikiwa ndefu, jua ni ndefu. Ikiwa fupi, jua ni fupi, usiirekebishe. Ya tatu, panua usikivu uufunike mwili mzima kana kwamba mwili wote unapumua. Inuka. Fanya hivyo mara tatu kwa siku kabla hujafikiria dakika kumi.

Mawazo yatakuja. Hapo ndipo fundisho la mishale miwili linapofaa. Budha alisema mtu asiyefunzwa akipigwa na maumivu ni kama aliyechomwa mshale, kisha akachomwa wa pili: wa kwanza ni wa mwili, wa pili ni wa moyo unaolalamikia ule wa kwanza. Rafiki hajajibu ujumbe tangu jana. Huo unauma, ni wa kwanza. "Hakuna anayenijali, na sitapona kamwe". Huo ni wa pili. Ukiuona unaruka, upe jina tu: "mshale wa pili." Usibishane nao kama ni kweli au uongo. Ukianza kubishana, umerudi kucheua.

Hatua ya 6: Maneno ya upole, kwa mlango wa nyuma

Zoezi la metta, yaani kutakia heri, humtaka mtu arudie maneno kama "niwe salama, niwe na amani", kisha ayapeleke kwa rafiki, kwa asiyemjua, hata kwa adui. Buddhaghosa, aliyeandika Sri Lanka katika karne ya 5, anafundisha kuanza na nafsi yako. Kwa heshima zote, mwenye sonona akianza hapo hukwama, maana nafsi ndiyo anayoichukia. Anza na mtoto mdogo unayemjua au hata mnyama, umtakie heri kwa dakika mbili. Wiki zikipita, jichomeke kati yao: "sisi wote tuwe salama."

Kwa sababu hiyohiyo ninaiogopa Naikan, zoezi la Kijapani la Yoshimoto Ishin lenye maswali matatu kuhusu mtu wa karibu: nimepokea nini kwake, nimempa nini, nimemsababishia usumbufu gani. Mawili ya kwanza yanafaa. La tatu liache mpaka upone. Kwa mtu anayejihukumu usiku kucha ni kuni kavu kwenye moto usiofaa.

Usianzie kwenye mafungo marefu

Kozi za vipassana, namna mojawapo ya kutafakari ya Kibudha, za siku kumi alizozieneza S. N. Goenka zina ukimya kamili na saa kama kumi za kukaa kila siku, kuanzia alfajiri. Fomu ya kujiunga huuliza kuhusu ugonjwa wa akili. Ijibu kwa ukweli hata kama jibu litakunyima nafasi.

Hata magwiji waliumia. Hakuin, mwalimu wa Zen aliyezaliwa mwaka 1686, alijikaza kutafakari ujanani mpaka kichwa kikawa kinamuwaka, miguu ikawa baridi kama barafu, masikio yakavuma na woga ukamjaa. Anasimulia kwamba alimwendea mkaa pweke aitwaye Hakuyu milimani karibu na Kyoto, naye akamfundisha awaze donge la siagi laini, ukubwa wa yai la bata, limewekwa utosini. Linayeyuka. Linashuka mabegani, kifuani, mapafuni, tumboni, mpaka kwenye nyayo, likichukua uchungu wote kwenda nao chini. Ukihisi kukaa kunakuchemsha kichwa, simama, acha kwa siku kadhaa, na ulifanye zoezi la siagi ukiwa umeketi penye mwanga. Kama ndani ya wiki mbili za mazoezi haya usingizi unazidi kupotea, hofu inaongezeka, au unajihisi kama uko nje ya mwili wako, acha kabisa na umwone daktari.

Daftari

Weka daftari la mistari miwili kwa siku. Mstari wa kwanza: nilifanya nini, kwa dakika ngapi. Wa pili: nilipomaliza nilikuwa vipi, kwa maneno matatu au manne. Usiandike sababu wala historia, kwani hapo kalamu nayo huanza kucheua. Siku uliyoruka andika "niliruka" bila maelezo, na kesho yake uanzie kwenye kunawa uso na kuangalia mbali, bila kufidia dakika zilizopotea. Baada ya wiki nne, lisome lote kwa mkupuo mmoja, kisha ulipeleke kwa daktari au mshauri wako. Atapata kwenye kurasa hizo mambo ambayo hutayakumbuka ukiwa umekaa mbele yake.